Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Kikao kilifunguliwa saa nane na robo. Hilo nililiandika.
Sikuandika kwamba tulikalia madawati ya darasa la pili,
magoti yakigusa videvu,
watu wazima sitini na mmoja tukinuka jua na pumba za mpunga,
na ubaoni hesabu za kutoa hazijafutwa.

Ajenda namba tatu: watoto wa Relini na wa Mferejini
kusoma pamoja, kwa hiari ya mzazi.
Relini ni Moshi Manispaa. Mferejini ni Wilaya.
Kati yao pana jiwe la mpaka lililopakwa chokaa.
Kuku wa Anasenyi hutaga upande huu, hulala upande ule,
hawajawahi kudaiwa barua ya uhamisho.

Afisa elimu kata alisema hakuna anayelazimishwa.
Akalirudia neno hiari, akalirudia,
hadi likaanza kusikika kama tishio.

Niliandika: "Wajumbe walitoa maoni."
Maoni! Baba mmoja wa Relini aliuliza
kama watoto wa Mferejini huja shule na viatu.
Kikatanda kimya kile kinachofuata sufuria ikianguka.
Ndipo Nakijwa Mshana akanyanyuka, mlimaji wa majaruba,
tope limemkaukia hadi pindo la khanga:

"Wangu huvivua darajani asiviloweshe, huvivaa getini.
Wako huvivaa tangu nyumbani,
kisha anakaa sakafuni, kwa sababu darasani wako mia na ishirini.
Nyie mna walimu, hamna nafasi.
Sisi tuna madarasa mawili matupu,
na mwalimu wa hesabu mmoja, mwezi wa tano anastaafu.
Wadogo wasome kwetu, wakubwa wasome kwenu, walimu wafuate watoto.
Mwenye chungu na mwenye kuni,
nani hapo amekwenda kuomba kwa mwenzake?"

Niliandika: "Mjumbe alichangia."

Tukabishania maharage, kilo mbili au nne.
Tukabishania matundu ya choo, na nani atayaosha.
Aikande, muuza mitumba wa Memorial, akauliza
mwanawe akiugua atapigiwa nani,
maana simu yake hukaa chini kabisa ya robota.
Na lile daraja la magogo?
Maji yakifunguliwa hulipita juu. Nani atawavusha?

Hapo zamu zikazaliwa. Jumatatu, Nakijwa.
Jumanne, yule baba wa viatu, ndiyo, yeye mwenyewe,
alijitaja kwa sauti ya chini
kama mtu anayelipa deni la dukani wengine wakisikia.
Jumatano fundi Ndekirwa. Ijumaa Aikande, kabla ya soko.
Alhamisi watu walitazama kucha zao.

Karatasi ya sahihi ikazunguka. Majina thelathini na manane.
La mwanangu halikuwepo.
Mimi, katibu, niliyebisha hodi kwa watu wiki tatu
nikieleza faida za kuchanganyika, mate yakinikauka,
fomu ya Namkunda nilikuwa nimeikunja ndani ya daftari,
nikisubiri nione wa wenzangu watapokewaje.

Usiku nilinakili yote kwa mwandiko mzuri.
Namkunda akachungulia begani:
"Baba, mbona Alhamisi haina mtu?"
Nikamwambia wino umeisha.
Akaichukua kalamu, akachora mstari kiganjani mwake,
wa buluu, mrefu, hadi kwenye kifundo,
akaninyooshea mkono nione.

Leo Alhamisi. Maji yamefunguliwa tangu alfajiri.
Shingoni nimening'iniza jozi kumi na moja za viatu,
kamba kwa kamba, vinanigonga kifuani.
Jozi moja naifahamu, niliinunua mwenyewe, bado inampwaya.
Mtoto wa mbele, simjui ni wa nani,
amenishika kidole kimoja tu, anauliza kama najua kuogelea.
Namwambia, tembea.