Chanzo?

Jumatatu hadi Jumatano mimi ni wa Malimbe:
daftari, kanuni, ubao unaofutwa kabla sijamaliza kunakili.
Alhamisi navaa kizibao cha rangi ya chungwa.
Kwenye fomu ya kampuni nimeandikwa mwanagenzi,
lakini Fundi Nyangeta ananiita "Chuo",
kana kwamba mama hakuniita Bujiku.
"Chuo, lete ngazi." "Chuo, shika taa."
"Chuo, hebu tuambie, vitabuni wanasemaje kuhusu panya?"

Vitabuni panya hayumo.
Hawamo hata wale wadudu wa ziwani
wanaopanda kama moshi mwezi unapoandama,
wakaziba feni za kabati la Kirumba
mpaka mitambo ikashikwa homa.
Niliwazoa kwa viganja, bado vuguvugu,
nusu ya mtaa imekosa mtandao
kwa ajili ya mabawa.

Mwanza ni mawe. Hili nalo halikuwa kwenye mtaala.
Mchoro wa ofisini ulipita mnyoofu kutoka Mabatini hadi mlimani;
sisi tulizunguka jabali moja siku tatu.
Mama mwenye nyumba iliyokaa juu yake kama kofia
alituletea maji, akachungulia mtaro:
"Hiyo waya yenu inapitisha nini?"
"Mwanga," nikasema.
"Mwanga? Na mnauzika?"
Nilikuwa na jibu la kurasa kumi na mbili.
Nikarudisha kikombe.

Usiku wa kuamkia mtihani, saa nne, simu:
greda limekata uzi Usagara.
Kuanzia hapo hadi ng'ambo, kimya.
Nikaacha kitabu kimefunguliwa kitandani, uso chini.

Shimoni, tope hadi vifundoni, turubai likipigwa na upepo,
Nyangeta alinipa kisu cha kukatia.
"Leo wewe."
Nyuzi arobaini na nane,
kila mmoja mwembamba kama unywele wa kichanga.
Menya. Futa kwa spiriti. Kata. Laza. Funika. Subiri.
Mashine ikalia, kioo chake kikaandika
sufuri nukta sufuri mbili.
Wa tatu ulikataa.
Wa tatu ulikataa tena.
"Unasoma," akasema. "Nakuona unasoma. Acha."

Kila kipande kilichokatika alikinasa kwenye utepe mweusi.
"Hiki hukioni. Kikikuingia nacho hakikuoni,
kinatembea tu."
Akavihesabu kama muuza dagaa anayehesabu chenji,
akarudia kuhesabu,
akaguna.

Saa kumi na moja alfajiri simu yake ikaanza kutetemeka,
ujumbe wa jana ukifika leo, mmoja nyuma ya mwingine,
dada yake wa Sengerema:
umetuma?
mbona haiingii
daktari anasubiri
basi tumekopa kwa jirani.
Aliusoma wote amesimama.
Kisha akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
akanipa mimi kwanza.

Saa mbili asubuhi. Swali la nne:
*Eleza visababishi vya upotevu wa mwanga katika uzi. Alama kumi.*
Niliandika mpindo mkali, kiungo kibovu, uchafu.
Hapo ningenyamaza.
Kalamu ikaendelea: greda. Panya.
Mchoro wa mtu asiyewahi kuliona jabali.
Mkono wenye hofu.
Na upotevu wenyewe hauishii kwenye desibeli, nikaandika,
kuna wanaoulipa kwa kukopa.

Dokta Mafuru alirudisha karatasi baada ya wiki mbili.
Saba.
Pembeni mwa mistari ile ya mwisho, kwa wino mwekundu,
neno moja: *Chanzo?*

Chanzo, mwalimu, kimo kwenye kidole gumba, mkono wa kulia,
karibu na ukucha;
kile kimoja ambacho hesabu ya Nyangeta haikukipata.
Nimekitafuta kwa tochi, kwa sindano, kwa maji ya moto.
Hakionekani.
Nikibana kalamu, kinajibu.