Kitambulisho cha Njano

Walinivika kitambulisho cha njano,
nyuma yake herufi ndogo kama ulezi:
uwanja, ruksa; medali, ruksa;
mto Nzovwe, hapana.
Dampo, hapana kabisa.

Atupakisye muuza vitumbua akaniuliza,
"Siku hizi mto nao una mwenyewe?"
Sikujibu. Kamera ilikuwa bado ya mkopo.

Usiku walilifukia dampo kwa mchanga,
wakaupaka rangi ukuta unaolificha.
Asubuhi baridi ya Juni ikaubana moshi bondeni,
moshi wa plastiki na manyoya ya kuku;
Loleza haikuonekana.
Haukuonyesha kadi langoni,
ukapanda jukwaa la wageni rasmi,
ukaketi.

Mzunguko wa tisa, mita elfu kumi,
mgeni mmoja akasimama, akashika magoti,
akakohoa mbele ya dunia nzima.
Mtangazaji akasema: ni mwinuko tu,
hajazoea mwinuko.
Na mimi, mzaliwa wa hapa hapa,
nilikuwa nakohoa huku nimeilenga medali.

Jioni nikafua shati langu jeupe.
Maji ya kwanza, meusi.
Ya pili, meusi.
Beseni nimelisukuma chini ya kitanda.
Bado sijalimwaga.