Vyumba Vinne

Nyemo alirudi likizo kutoka chuo cha kilimani,
akachana ukurasa wa daftari langu la dawa,
akachora boksi, ndani yake msalaba:
vyumba vinne, kila chumba bei mbili.
"Hii yako, mama. Hii ya Masinjila."

Ukisubiri naye akasubiri, mia tisa kwa kilo, kila mtu.
Mkiuza usiku nyote wawili, mia tano.
Ukisubiri, mwenzio akauza,
yeye mia saba, wewe mia tatu,
na ushukuru,
maana lori likishapata nusu halibembelezi mtu.

Nikavitazama vile vyumba.
Nyumba haina mlango, nikasema.
Aliyeijenga hajawahi kuona zabibu
siku ya nne baada ya kuiva,
nyuki wamefika, mnunuzi bado.

Nyemo akacheka.
"Watu hudhani mnauza kwa tamaa. Angalia tena.
Mwenye tamaa angesubiri. Mia tisa haishindwi na mia saba.
Kinachouza ni hofu."

Hapo nikavuta kigoda.

Kwa sababu msimu wa Machi niliuza.
Masinjila hakuwa ameniudhi kwa lolote.
Tuliahidiana Jumapili, nje ya kanisa,
vumbi la Mpunguzi likituingia machoni,
wakulima kumi na saba, mikono juu.
Usiku nikawaza: naye anawaza nini?
Nikawaza: anawaza kwamba mimi nawaza.
Nikawaza anavyowaza ninavyomwaza,
hadi usingizi ukanichoka wenyewe.
Nikawasha tochi, nikachukua mkasi.

Asubuhi nilikutana naye njiani, kreti tupu begani.
Naye aliuza.
Tukasalimiana kwa Kigogo, salamu ndefu kuliko siku zote:
mbuzi, watoto, mguu wa mkewe, kisima,
kila kitu
ila zabibu.

Nikamwambia Nyemo: karatasi yako haina chumba
cha bomba la kupulizia ninaloazima kwake
kila ukungu unapoingia shambani.
Haina chumba cha msiba wa mama yangu,
turubai la Masinjila likiwa uani kwetu siku tatu
wala hakulidai.
Wala Agosti haimo, wala Machi nyingine nyuma yake.

"Zimo," akasema. "Ni karatasi nyingi, mama,
moja juu ya nyingine,
na hakuna anayejua ya mwisho ni ipi."

Hiyo niliielewa bila kuchorewa.

Leo ni usiku wa tatu.
Sukari imepanda, ngozi za zabibu zimeanza kulegea.
Sitadanganya: kreti mbili zimejaa, ziko chini ya kitenge,
mbili tu, za kupima moyo.
Dalali tunamwita Saa Tisa, ndiyo saa yake.
Amepita getini kwangu bila kupiga honi,
akaenda moja kwa moja hadi kwa Masinjila,
akazima taa.

Nasubiri daraja.
Pale korongoni mbao zimelegea,
na lori lile sote tunalijua kwa sikio.
Likishiba hupita kimyakimya
kama mgeni aliyeondoka na kijiko cha watu.
Likiwa na njaa, bodi lote hulia,
minyororo, mabati, kila msumari unalalamika kivyake.

Mbwa wa Masinjila wamebweka, wamenyamaza.
Nani huwanyamazisha mbwa, mwenye kuuza
au mwenye kumfukuza mtu kwa upole?
Sijui. Nyemo naye hajui, amelala,
karatasi yake iko mezani,
vyumba vyote vinne giza.

Injini imewaka.
Mkono wangu mmoja umeshika mkasi.
Wa pili umeushika ule wa kwanza.

Haya, lori. Fika darajani.
Lia.