Dole Gumba

Nyuma ya soko la Chake, duka la Shaame Faki,
kioo cha meza kina ufa, ufa umezibwa kwa plasta ya kidonda.
Kazitoa mbili, kazilaza juu ya kitambaa
kama mkunga aliyepata pacha wasiofanana.
"Nyeusi laki na kumi. Buluu laki na ishirini na tano.
Chini ya hapa, Bi Mize, nitakuuzia kibiriti."

Mie nna laki na kumi na nane.
Laki na kumi za kuchuma, zinanuka karafuu hata zikipita benki;
elfu nane za makonyo,
hizo hata baba Sabiha hazijui.

Nyeusi ni nene, nzito kama mche wa sabuni.
Betri yake hukesha siku mbili, ya tatu ndiyo ikapiga miayo.
Lakini jicho lake lina mtoto wa jicho:
Shaame kanipiga picha, nikatoka
kama mtu aliyefunua chungu akasahau kujitoa kwenye mvuke.

Buluu nyembamba, mwali wa ndani.
Picha yake huhesabu nyuzi za kanga;
ikanirejeshea kovu la kidevuni
nililolipata chuoni, nikikimbia bakora.
"Na chaji?"
Shaame kakohoa.
"Ukitoka nayo alfajiri, adhuhuri uilaze."
"Na tumbo?"
"Dogo. Video mbili za harusi, imeshiba, inakwambia ufute."

Kwetu nguzo ya umeme imekomea kwa Mbarouk,
na Mbarouk hachajii mtu bure: mia tatu kichwa.
Nikapiga hesabu kwa vidole, kama tunavyohesabu pishi:
mara mbili kwa siku, mia sita,
kwa mwezi elfu kumi na nane,
na simu yenyewe bado sijapiga.

Lakini Sabiha kajifungua Unguja, Jumatatu mbili zimepita,
na mtoto simjui pua.
Nikasema, basi buluu, nipunguzie, nimuone mjukuu wangu vyema.
Tukavutana, Shaame akalegea: laki na kumi na nane, yaishe.
Ndipo kijana wake, Suweidi, waya masikioni,
akanena bila kuinua uso:
"Bibi, kumuona mtoto ni kamera ya mama yake.
Kamera yako ni ya wao kukuona wewe."

Duka likanyamaza.
Nikaitazama tena ile picha yenye kovu.
Nani kaniomba nionekane?

Nikaigusa buluu. Haikusikia.
Nikaigusa tena, nikabonyeza, nikaibembeleza;
mwezi mzima wa kuchambua karafuu umenila ngozi,
dole gumba langu gumu kama konyo kavu,
na kioo kile kimezoea vidole vya wanaoshika kalamu.
Shaame akaifuta kwa shati. "Lowesha kidogo, Bi Mize."
Nitie mate kila nikitaka kusema na mwanangu?

Nyeusi, mguso wa kwanza, kimya.
Wa pili, ikafunguka.
Sikuuliza tena ramu, sikuuliza giga.
Nikalipa laki na kumi, makonyo yakabaki kwenye pindo,
nikachomoa elfu moja tu ya bando.

Hapo hapo mlangoni, kwenye harufu ya samaki na mafuta ya taa,
Sabiha akatokea, kajifunga mtandio, kanenepa.
"Mama, mbona sikuoni? Uko kwenye moshi?"
"Niko Chake," nikamwambia. "Wacha kunitazama mie.
Mgeuze huyo, nione kachukua pua ya nani."