Doa la Ganda

Ajenda namba nne: kumwondoa mhazini.
Ndivyo nilivyoandika, kwa mwandiko wa kulala,
kwenye daftari la kaunta lenye katiba yetu
kurasa mbili za mwanzo, na deni la sukari ukurasa wa tatu.

Chama chetu cha kuzikana, Kitangari, hakina mhuri.
Wilayani hawakijui.
Kina viti hamsini na nane, turubai, sufuria tatu,
na sanduku la bati ambalo ufunguo wake
Somoe Nalyoto aliufunga kwenye pindo la kanga
tangu msimu ule korosho ziliponunuliwa kwa ahadi.

Kosa lake lilisomwa kwa sauti:
alitoa elfu themanini za sanda
akakodi gari usiku wa manane, akampeleka Likwata Ndanda,
Likwata akiwa bado anahema.
Fidelis Nandonde akaweka kidole kwenye kifungu cha tano.
"Fedha ya chama ni ya maiti."
Katiba yetu inazika. Haitibu.
Likwata mwenyewe alikuwa pale mkekani, mzima,
anatazama nyayo zake.

Somoe aliulizwa kama ana neno.
"Mkihesabu mali, anzeni na sufuria kubwa.
Mshikio mmoja umelegea."

Karatasi za kura hatuna. Nyuma ya pazia
ungo wa korosho nzima: abaki.
Ungo wa maganda ya kubangua: aende.
Chukua kimoja, tumbukiza ndooni, toka kwa mlango wa jikoni.
Thelathini na saba tuliingia.
Korosho kumi na nane.
Maganda kumi na tisa.

Kisha wa kushika nafasi.
Esha Mkwemba ana mgonjwa ndani.
Fidelis anasafiri kupuliza salfa.
Mzee Nampota hajui hesabu, akasema, ila zake.
"Katibu anajua kuandika," ikatoka sauti ya nyuma,
wakapiga makofi, na makofi hayahesabiwi.
Somoe akashika pindo. Fundo lilikuwa limekaza
kwa jasho la miaka sita.
Akalifungua kwa meno.

Nani alikumbuka kwamba ganda lina mafuta?
Asubuhi yake dukani kwa Mchopa
watu wanapokea chenji kwa mkono wa kushoto,
wanasalimiana kwa kichwa, kama waliobeba mizigo.
Majivu hayalitoi doa lile. Limau ndiyo kwanza linawasha.
Likwata alininyooshea mkono, mkavu, safi, vidole vyote vitano.
Mimi nikamwitikia kwa mdomo.

Haya hayamo kwenye muhtasari.

Ijumaa, saa nane usiku, hodi.
"Katibu... samahani, mhazini."
Sauti ya Esha, na nyuma yake pikipiki inanguruma, haijazimwa.
Mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo, nakiri, ulikwenda.
Lakini mdomo ulitangulia,
nikiwa bado natafuta kandambili gizani:
bado anahema?