Ufunguo wa Akiba

Nyumbani kwangu Ntyuka, kwenye kopo la kahawa
lenye misumari na sarafu zisizonunua tena kitu,
umelala ufunguo mmoja.
Wajukuu wameshaujaribu kwenye kila kitasa.

Ni wa Pijo 404, rangi ya mtindi.
Namba zake nimezisahau.
Mwongo mimi: TZ 61408.
Lilikuwa la Kassamali, muuza vitambaa wa Barabara ya Sita.
Mwaka themanini na tatu, mwezi wa pili, anafunga virago,
akaniita mimi, karani wa stesheni,
niliyemtolea mizigo yake ghalani bila kumzungusha.
"Malogo, gari hili simpi mtu wa kulipiga mateke."
Elfu kumi na nane.
Nilikuwa nazo. Zabibu za Hombolo zilikubali mwaka ule,
na ng'ombe wawili wa marehemu baba walikwishakwenda mnadani.

Tulilitoa Jumapili asubuhi, maana ikigonga saa nane mchana
ukakutwa barabarani na gari lako, ni wewe na polisi.
Hadi Msalato na kurudi. Gia ilikuwa ubavuni mwa usukani,
ukiivuta inakuja kama mkono wa mtu mliyezoeana.
Viti vilinukia sigara na iliki.
Na vumbi letu, lile jekundu lisilomheshimu mtu,
lilibaki nje.
Sikuwa nimewahi kuliona vumbi likibaki nje.
Watoto wakakimbia kandokando yetu,
nikapiga honi bila sababu.
Nina miaka sabini na miwili. Wakinitajia neno furaha
naisikia honi ile.

"Kaa na huu wa akiba," akasema. "Hela Jumamosi."

Jumamosi sikwenda.

Kuna watu nimewaambia ni msako, wahujumu walikuwa wanatafutwa,
karani na Pijo, umelipata wapi?
Wengine nimewaambia petroli, kuponi, foleni.
Maneno mazuri hayo, watu huyaitikia.
Ila Ijumaa jioni Sechelela alirudi na habari:
mabati yameonekana ushirika, geji ishirini na nane,
na kesho hayatakuwapo.
Nyumba hii ilikuwa tembe wakati ule,
na mvua ilikuwa imeangusha kona moja ya dari
juu ya kitanda cha Yudita.
Hakuniambia nichague.
Alikaa tu, akavua kandambili,
akaninyooshea miguu yenye tope.

Pijo akalichukua Ndahani, mwenye mashine ya kusaga, Veyula.
Ufunguo wa pili hakuuliza.
Nililiona likibeba magunia, likibeba bibi harusi,
likibeba maiti kwenda Kondoa, mlango mmoja wa kijani.
Kila likipita nilijifanya natafuta kitu mfukoni,
kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani
akiwa na mtoto mgongoni.

Siku hizi mji umejaa mashangingi meupe.
Yanapita vioo vimefungwa,
kana kwamba yamechelewa kikao cha mbinguni.
Sijawahi kugeuza shingo.

Februari hii fundi mmoja wa Kizota akaniletea salamu:
lile gari lako lipo.
Lile gari langu.
Nikalikuta juu ya matofali, halina injini,
kuku mwekundu anaatamia pale nilipokalia mimi.
Nikachomeka ufunguo mlangoni. Ukakwama nusu.
Nikaupuliza, nikaupaka mate,
ukazunguka.
Kuku hakuinua hata kichwa.

Kijana wa vyuma chakavu alikuwa amesimama na mizani yake.
"Mzee, na huo ufunguo lete. Tunapima vyote pamoja."

Usiku mvua ikashuka kwa fujo.
Sechelela, kiganja sikioni, akapaza sauti
kuyashinda mabati:
"Umelikuta?"
"Nimelikuta."
Akanyamaza kidogo, radi ipite.
"Linavuja?"