Kizingiti cha Datsani

Kutu haianzii pale inapoonekana.
Nilibonyeza lengelenge moja mlangoni,
dogo kama punje ya mtama,
kidole kikazama hadi kwenye kifundo.
Ndani, unga mwekundu wenye unyevu
na harufu ya ndoo iliyosahauliwa kisimani.

Basi. Nikavuta turubai lote,
nikamwomba Bi Tima aanue nguo za upande huu,
nikatandika magunia nyuma ya nyumba, hapa Tudor,
ambapo upepo hupanda na chumvi
na kuiacha juu ya kila chenye chuma:
bawaba, misumari, sindano za mama,
hii Datsani ya marehemu baba.

Msasa nambari themanini, mkavu.
Nyeupe ikatoka kama ngozi ya aliyeungua jua.
Chini yake buluu, ya mwaka aliozaliwa mdogo wangu Shee.
Chini ya buluu, kijani cha ndizi mbichi,
rangi ambayo mama huapa haikuwahi kuwapo.
"Mimi? Nipande gari la kinyonga?"

Baba alikuwa fundi rangi.
Mteja akimwambia, "Fukia tu, fundi, nataka kuuza,"
humrudishia ufunguo.
"Kidonda," husema, "hakipakwi poda."
Nimekua na neno hilo. Nimelitumia kwa wachumba wawili
na kwa mwenye nyumba mmoja.

Kwa hiyo sikuwa tayari kwa kizingiti.

Chini ya mlango wa kushoto, pale mguu unapokanyaga,
patasi iligonga kitu kisichokuwa bati.
Puti, nene kama mkate wa mofa.
Nikagonga tena, likabanduka pande zima,
na nyuma yake makaratasi yameshindiliwa,
yameloa, yamekauka, yameloa, miaka thelathini.

Mistari ya buluu. Mwandiko wangu.
Darasa la tano: mia na arubaini na nne, gawanya kwa kumi na mbili.
Nimekosa. Mwalimu ameweka mkasi wake mwekundu
na kutu nayo imeweka wake.

Nilikaa juu ya gunia.
Mwaka ule naukumbuka: ada, sare,
mama kulazwa wiki tatu.
Magari ya watu yalitoka uani kwetu yaking'aa, bati jipya, praima mara mbili,
na lake akalifukia kwa daftari langu,
usiku, bila shaka, sisi tumelala.

Sikumlaumu. Sikumsamehe pia;
haikuwa kazi ya siku hiyo.
Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukata.

Chengo akaja na mashine ya kuchomelea ndani ya tuktuk,
akachungulia tundu, akapiga mluzi:
"Hapa hata paka apita."
Tukakata mpaka tukafikia chuma kinacholia.
Kizima hulia ukikigonga. Kibovu hunyamaza.

Rangi hupigwa saa mbili asubuhi,
kabla hewa haijaleta maji yake
ikaipaka ukungu, kama jicho la mzee.
Kompresa ikanguruma. Bi Tima akabamiza madirisha
moja moja, niyasikie.
Mkono wa kwanza mwepesi, wa pili mwepesi,
wa tatu nikaingiwa na tamaa:
likachuruzika chozi chini ya kitasa,
na sisimizi mmoja akaja kutia sahihi.

Mama akatoka na kikombe,
akalizunguka gari mara mbili.
"Kijani," akasema.
"Kijani."
Akamaliza chai yote, mpaka majani.
"Upande wa nyuma," akasema, "kilikuwa kimekoza zaidi."

Karatasi nimeianika kambani kwa kibanio
kati ya shuka za Bi Tima, aliyeitazama asiulize.
Puti yangu ni nyembamba kama ganda la kitunguu.
Hata hivyo, masika yakipita nitapiga magoti tena hapo kizingitini,
nibonyeze.